Sikufika Kileleni Nang'olo

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa ofisini mlinipa saa ya ukutani, shuka na maneno matamu mengi. Mmoja wenu alisimama akaniita simba wa majabali ya wilaya mbili, Nachingwea na Ruangwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele na soda yangu mkononi, nikajisemea kwamba huyu mtoto siku akiandika historia ya nchi tumekwisha. Ndiyo maana nimekaa barazani kwangu nikaandika haya, ili mjue simba wenu alikuwa mnyama gani hasa.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na vilikuja vimechelewa. Nitaandika kuhusu kupanda, maana ndiyo kazi niliyoifanya kwa miguu na mikono. Mnajua wazee wa huku walivyogawana ardhi zamani. Hawakuweka mpaka kwenye mti, maana mti hukauka, wala kwenye mto, maana mto huhama. Waliuweka kwenye jabali. Serikali ilipotaka mipaka ya vijiji ipimwe na kuchorwa, ikabidi mtu apande kila jabali akiwa na chombo cha kupimia mgongoni. Mtu huyo nilikuwa mimi, Damiani, na mimi naogopa urefu. Nyumbani kwangu taa ya barazani ikiungua namwita fundi aje kuibadilisha, na baraza lenyewe ni fupi.

Nilipataje kazi? Kwenye usaili tulikuwa wawili. Mwenzangu aliulizwa kama anaogopa kupanda, akasema ukweli, akaambiwa aende nyumbani. Mimi nilikuwa mlangoni nimesikia. Nilipoulizwa nikajibu, "Hapana, mzee, mimi nimekulia juu ya miembe." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, na kwa bahati mbaya haukuwa wa mwisho.

Siku ya kwanza tulikwenda kupanda jabali moja la Malolo. Nilivaa viatu vya ngozi vyenye soli laini, vipya, nilivyovinunua nikidhani kazi ya ofisi ni ya ofisini. Bwana wangu wa kazi alikuwa Mzee Issa, Mngindo mfupi, mkavu, mwenye katambuga za tairi miguuni. Alivitazama viatu vyangu kwa muda, akasema, "Kumbe leo kuna harusi." Alipanda jabali lile huku mikono ameiweka nyuma kama mkaguzi wa shule, akafika juu, akakaa, akawasha sigara. Mimi nilifika katikati. Hapo soli ziliniaga, nikateremka kwa makalio mpaka chini, na suruali ikabaki kwenye jiwe. Niliingia kijijini jioni nikiwa nimejifunga shati kiunoni. Watoto walitufuata mpaka kwenye gari.

Kesho yake Mzee Issa aliniletea katambuga, akaanza kunifundisha, na mafundisho yake ndiyo yaliyobaki kichwani kuliko yote ya chuoni. Mtu mwenye hofu hulilalia jabali, na akililalia tu miguu inateleza. "Simama wima," aliniambia. "Jabali si mkeo, usilikumbatie." Akanionyesha michirizi myeupe ya mkojo wa pimbi, kwamba hapo hata nzi anateleza. Sehemu nyeusi usiikanyage mvua ikiwa imenyesha. Ufa wowote uweke sikio kwanza kabla hujaweka mkono, maana nyuki hawana hodi. Na kabla hujapanda, tafuta utakakoshukia, kwani kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu darasa la tatu. Niliielewa nikiwa juu ya jabali moja upande wa Marambo, ambako nilikaa saa tatu nikijifanya nasubiri mawingu yaondoke.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tiodolaiti, kile chombo cha kupimia, ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye mikanda, nzito, nayo ilikuwa lazima ifike juu salama hata kama mpandaji hakufika. Kamba ya kwanza ilikuwa ya katani, ikilowa inakuwa na tabia zake. Baadaye tukapata ya nailoni. Mzee Issa aliifunga uzi mwekundu kila baada ya mita tano, ili ajue aliye juu amefika wapi hata kama hamwoni. Yeye ndiye alikuwa anashika kamba yangu. Akishika, ananitukana. Wangindo na sisi Wamwera ni watani, basi alikuwa na ruhusa kamili. "Panda wewe! Unapandishwa kama gunia la korosho! Mkwe wako akikuona atamchukua mwanawe!" Nami namjibu kwamba Wangindo wanafuata nyuki porini mpaka wanasahau njia ya nyumbani. Ilikuwa ndiyo namna yetu ya kufanya kazi. Matusi yakiendelea, nilijua kamba ipo mikononi mwake na macho yako kazini, na woga ulipungua kidogo.

Sasa niwaeleze kitambaa, kwa kuwa ninyi mnapima kwa setilaiti na hamkukikuta. Kilele kikishapandwa, mpandaji anasimama akipunga kitambaa cheupe. Wazee wa vijiji viwili wanaopakana wamesimama chini, kila kijiji upande wake wa jabali. Wakimwona wanapiga kelele, "Tumemwona!" Pande zote mbili zikishaitikia, mpaka umekubaliwa, na mpimaji anaweka alama pale pale aliposimama. Karatasi ilikuja baadaye. Kwao kitambaa ndicho kilichokuwa mkataba.

Yapata miaka ishirini iliyopita tulipelekwa Nang'olo, jabali lililo njia ya Kilimarondo, kati ya vijiji viwili ambavyo nitaviita Juu na Chini, maana wenyewe bado wanasalimiana na sitaki niwe sababu ya kuacha. Mpaka ulikuwa mstari mnyoofu kutoka kileleni hadi pale vijito viwili vinapokutana. Nilipanda kupitia ufa ulio upande wa Juu. Mzee Issa alibaki chini ya ufa na kamba, mahali ambapo hanioni. Nikatoka kwenye bega, sehemu tambarare yenye majani makavu, nikashukuru Mungu. Kisha nikainua kichwa, nikaona jabali bado linaendelea. Mbele yangu kulikuwa na kitu kama tumbo la jiwe, jeupe, tupu, refu kuliko mtu, na pembeni yake hewa. Niliweka mguu. Mguu ukaanza kutetemeka kama naendesha cherehani. Nikautoa. Nikaweka mwingine, nao ukashona. Nikakaa chini.

Nilikaa kama nusu saa. Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilitoa kitambaa nikapunga nikiwa pale pale begani.

Wazee wa Juu walipaza sauti, "Tumemwona!" Hawakudanganya. Ukiwa chini ya jabali upande ule, bega linakificha kilele, na aliye begani unamwona kama aliye kileleni. Hilo lisomeni mara mbili, litawafaa. Kilichonishangaza ni kwamba upande wa pili nao waliitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko ya Juu. Nikajisemea labda macho yao ni mazuri. Niliweka alama, nikasoma vipimo, nikaandika kwenye daftari la kazi: kilele, kimefikiwa. Kutoka pale hadi kilele chenyewe hazifiki hatua mia moja. Niliona kwamba kwenye ramani ni unene wa kalamu, nani ataishi kwenye unene wa kalamu?

Niliposhuka, Mzee Issa alikuwa anaikunja kamba polepole, anahesabu nyuzi nyekundu. Akasema, "Nang'olo fupi kuliko inavyoonekana." Basi. Nilingoja matusi, hayakuja. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo alinitania kuhusu mke wangu, upara wangu, na suruali iliyobaki Malolo. Nang'olo hakuitaja. Mtani akikunyamazia jambo, ujue lina uzito. Nililijua hilo nami nikanyamaza, hadi alipostaafu akarudi kwao Liwale, na huko akafariki. Nilikwenda kumzika. Watani wenzangu walifanya vituko vyao vya msibani, wakanitaka nami niseme neno la kuchekesha juu ya marehemu. Mimi ninayejulikana kwa kusema, nikachukua koleo nikafukia.

Miezi michache kabla sijastaafu ililetwa kesi ya Nang'olo. Bosi wangu wakati huo alikuwa Neema, mnamjua, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, mkali wa kompyuta, na alikuwa ananiita Mzee Dami. Kulikuwa na familia ya wafugaji Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Mkutano wa kijiji cha Juu uliwapokea na kuwapa eneo karibu na mguu wa jabali. Walijenga, wakachimba kisima. Kijiji cha Chini, ambacho hakitaki ng'ombe kabisa, kikatoa ramani na kusema eneo hilo ni lake. Ramani ilikubaliana nacho. Barua za kuwataka waondoke zilikuwa zimekuja mara nyingi, na ya mwisho iliwapa hadi mwisho wa mwezi.

Neema alifungua picha ya setilaiti, akaweka namba zangu za zamani juu yake. Akaguna. "Mzee Dami, hii nukta yako haiko kileleni. Iko pembeni kabisa. Hizi namba za zamani nazo, mfumo wa vipimo ulikuwa mwingine. Nadhani ni kosa la kubadilisha mfumo." Akanigeukia. "Au siyo?"

Hebu fikirini. Nimepewa mlango wa kutokea, tena umefunguliwa na bosi mwenyewe. Nikasema, "Inawezekana." Nikaenda kunywa chai.

Kesho yake tulikwenda kuona eneo. Alitupokea mama wa boma lile, Mama Kulwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Mumewe alikuwa ameondoka na ng'ombe kwenda kutafuta pa kuhamia. Alitukaribisha kwenye vigoda, akatupa maziwa ya mgando, akatuonyesha kisima walichochimba kwa sururu kwenye ardhi ngumu ya mguu wa jabali. Maji yake yalikuwa safi. Kisha akamtazama Neema, akanitazama mimi, akachagua mwenye mvi.

"Baba, tulipofika hapa wazee wa Juu walituonyesha, mpaka ni kichwa cha jiwe lile. Tukajenga huku. Sasa watu wa Chini wanasema mpaka uko huku kwetu. Hilo jiwe lilihama?"

"Majabali hayahami, mama," nikamjibu, nikacheka kidogo.

"Basi aliyehama ni nani?"

Nilikunywa maziwa. Yalikuwa mengi, nikayamaliza yote ili nisiwe na mdomo wa kujibu.

Njiani kurudi Neema alisema atapeleka hoja ya kosa la mfumo. Lakini mwenyekiti wa Chini alishaijibu kabla haijaandikwa. Alisema hiyo kompyuta yetu yeye haijui. Wazee waliona kitambaa, pande zote zikaitikia, na mpaka uko pale kitambaa kilipokuwa. Na kwa taratibu za kule alikuwa sahihi. Hakuna mashine iliyoweza kukibatilisha kitambaa kile. Aliyeweza alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa kwenye gari amefunga mkanda anaangalia nje. Nilimwambia Neema asimamishe gari. Nikamweleza yote, kuanzia cherehani. Akazima injini.

"Mzee," akasema, "hii umekaa nayo miaka ishirini?"

"Nimekaa nayo vizuri tu," nikasema. "Ni wao ndio hawakukaa vizuri."

"Unajua hii inaingia kwenye faili lako? Umebakiza miezi mitatu."

"Najua." Nilikuwa naogopa kweli, msidhani nilikuwa jasiri.

Mkutano uliitishwa chini ya Nang'olo, vijiji vyote viwili. Mama Kulwa alikaa nyuma na wanawe. Niliposimama nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kitaalamu, ikapotea yote. Nikasema, "Ndugu zangu, kitambaa kile nilikipungia begani. Kileleni sikufika. Niliogopa." Kisha kicheko kikaanzia kwa akina mama wa Juu, kikasambaa. Mzee mmoja akauliza kama niliogopa chui. Nikasema hapana, niliogopa jiwe. Wakacheka zaidi, na nilistahili.

Mwenyekiti wa Chini hakucheka. Alisimama akasema, "Huyu kapewa maneno na wafugaji. Wazee wetu walimwona, waliitikia. Mzee Mohamedi alikuwepo, bado yu hai, aulizwe."

Mzee Mohamedi aliinuliwa na wajukuu wawili. Alikuwa amebaki peke yake kati ya wazee wa Chini walioitikia siku ile.

"Wee Mmwera," akasema, "sisi hatukukuona."

Mwenyekiti akataka kusema, mzee akamzuia kwa mkono.

"Hatukuona kitu. Tukasikia wenzetu wa Juu wanapiga kelele wamekuona. Mimi nikawaambia wenzangu, kama wao wanamwona na sisi hatumwoni, basi yuko upande wao, hakufika kileleni. Na mpaka ukiwa upande wao, shamba la ziada ni la nani? Pigeni kelele haraka kabla hajapanda zaidi! Tukapiga." Akavuta pumzi. "Wenzangu wote wamekufa. Nilidhani na mimi nitakufa mwongo peke yangu. Kumbe tuko wawili. Bwana Dami, nenda kapande."

Neema alikuwa tayari ameshavaa kofia ngumu, na angepanda kwa dakika kumi. Nikamwomba anishikie kamba. Alisita, akaishika. Nikapitia ufa ule ule, kwa magoti ambayo sasa yalikuwa yanasikika hadi Juu na Chini. Nikafika begani, nikalikuta tumbo la jiwe likinisubiri. Niliweka mguu, ukashona. Umri haukuwa umesaidia chochote. Nikageuza uso kushoto, si kwa akili, kwa aibu tu, nikaona kinyesi cha mbuzi mawe, yule paa mdogo wa majabalini. Na mbele yake kingine. Nikavifuata vile vinyesi nikiinama, nikazunguka kona, nikakuta jiwe limekatika ngazi ngazi mpaka juu. Hatua kama ishirini. Kileleni nilikuta majina ya watoto wa shule yameandikwa kwa mkaa, mengine ya wasichana, na moja limechorewa ua.

Kwa hiyo, vijana wangu, simba wenu alishindwa na jabali ambalo watoto hulipanda wakitoroka kipindi cha hesabu. Daftari la kazi lina nafasi ya kuandika "sikufika". Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa neno hilo. Mkilijaribu hapo mtakapokwama, mtalala usingizi mzuri kuliko wangu.

Nilisimama nikapunga kitambaa. Juu wakapaza sauti. Nikageuka upande wa Chini, nikangoja. Mzee Mohamedi ndiye aliyeanza, sauti nyembamba, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Neema alinifungia chombo kwenye kamba, nikakivuta, nikapima, na mstari mpya ukaliacha boma la Mama Kulwa upande wa Juu.

Niliposhuka watu walikuwa wananishika mkono, wananipiga mgongoni, wananiita shujaa, nami nikaanza kuamini. Nikamwona Mama Kulwa amesimama peke yake kando ya kisima. Nikamfuata, nimejaa furaha. Nikamtania. "Mama, umeona? Nimefika. Nilichelewa tu kidogo njiani."

Hakucheka. Hakuwa na hasira pia.

"Baba," akasema, "wewe uliogopa asubuhi moja, ukashuka, ukaenda kula. Sisi tumeogopa miaka minne. Wanangu nimewakataza kupanda hata mpapai, kwa sababu mpapai unahitaji mtu atakayekuwepo ukizaa."

Kisha akaona mikono yangu inatoka damu, maana jiwe la Nang'olo lina msasa. Akateremsha ndoo kisimani, akavuta, akanimiminia maji ninawe. Alimimina taratibu, mpaka damu ikaisha.